Bakuli la Kissa

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili si langu. Madamu Ludovika, mlezi wetu wa wasichana, ametugawia kwa ajili ya ripoti za bweni, ila kurasa ni nyingi kuliko ripoti. Mbele nitaandika za chuo, nyuma nitaandika zangu. Nikikamatwa nitasema nilikuwa najaribu kalamu.

Leo nimekuwa Rafiki wa Bweni. Tuko sita chuo kizima cha uuguzi na ukunga. Tulifundishwa siku mbili na nesi wa afya ya akili kutoka wilayani: namna ya kumsikiliza mwenzako, dalili za mtu aliyezidiwa, nani wa kumwita. Kila Ijumaa natakiwa kujaza fomu ya wasichana wa chumba changu na vyumba viwili vya jirani. Usingizi. Chakula. Hali ya moyo. Maoni. Halafu Madamu anasaini.

Jina langu liliposomwa nilidhani yupo Imakulata mwingine. Nilimfuata Madamu ofisini, nikamwambia shikamoo, maneno yakaishia hapo.

"Marahaba," akasema. "Najua unataka kukataa. Nimekuchagua kwa sababu unanyamaza. Anayenyamaza anasikia."

Sikumwambia kwamba nikinyamaza sisikii kitu zaidi ya moyo wangu unavyopiga.

Brightness, wa kitanda cha juu yangu, mtoto wa Hirbadaw, amecheka mpaka akashika mbavu. "Ima? Ima huyu? Huyu hata akiona nyoka bwenini atatuandikia barua!"

Kissa, mwenzetu wa chumba, akamrushia soksi. "Mwache. Mimi nitakuwa mgonjwa wake wa kwanza. Andika, Ima: huyu dada wa Tukuyu anakufa kwa baridi na makande."

Nikacheka. Kissa ananichekesha. Ana miaka ishirini, mimi kumi na nane, na anapocheka hata walioko bombani wanasikia.

Ijumaa, 7 Machi

Fomu ya kwanza. Wote wazima. Mvua bado.

Jumatano, 12 Machi

Mvua imeanza tukiwa darasani. Darasa zima liligeuka kuangalia mlima, hata mwalimu. Tangu lile tope lishuke mlimani na kufukia nyumba na watu Desemba ya mwaka juzi, hakuna mtu hapa anayesikia mvua bila kugeuka. Mlima ulikuwa umefunikwa, kwa hiyo tuliangalia wingu.

Jambo moja katika yale mafunzo linanisumbua. Nesi alisema ukiona mwenzako amefika mbali, muulize kwa neno lenyewe: "Unafikiria kujiua?" Alisema kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Akatutaka tulitamke wawili wawili. Chumba kizima kiliangalia sakafu. Mimi nilichezesha midomo tu, sauti haikutoka. Hakuna aliyeona.

Jumanne, 18 Machi

Leo ilikuwa zamu ya Kissa kwenye kituo cha afya, wodi ya wazazi. Gari liliwarudisha saa kumi. Wenzake walishuka wakiongea kwa sauti ya chini, yeye akashuka wa mwisho.

Nilisikia kutoka kwa wenzake. Mama mmoja wa Mogitu alifika na uchungu, nesi wa zamu akatafuta mapigo ya moyo ya mtoto asiyapate. Mtoto alikuwa ameshafariki tumboni kabla hajaletwa. Kissa ndiye aliyempokea. Alikuwa mtoto wa kiume. Kissa alimfuta, akamfunga kwenye kitenge, akamshika mpaka alipoambiwa amweke.

Aliingia chumbani, akakaa kwenye kitanda changu na viatu vyake vya tope.

"Sikujua kama ni mzito hivyo," akasema. "Kumbe ni mzito."

Nilitaka kusema pole. Nadhani nilisema.

Sasa naandika jambo ambalo sitaliandika mbele. Sisi watatu huwa tunakula sinia moja. Brightness huenda nayo bwaloni, anarudi nayo imejaa. Leo alirudi na sinia na bakuli. Bakuli akampa Kissa. "Wewe kula taratibu, upumzike," akamwambia, kwa upole kabisa. Kissa akapokea. Na mimi, kabla sijafikiri, nilinyoosha mkono nikachukua kikombe cha Kissa katikati ya vikombe vyetu, nikakiweka dirishani peke yake.

Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Mkono ulijua wenyewe. Kwa bibi yangu Endasak, nyumba iliyopotelewa na mtoto mchanga inaachwa. Hamwendi kuomba moto wala chumvi. Hamli nao. Mnawawekea chao, mnapita mbali kidogo, mpaka siku zipite. Kwa Kiiraqw lina jina, hapa silitaji. Padre alikwisha kulikataza, na mimi nimesoma vijidudu na maambukizi kwa Kiingereza, nikapata alama nzuri. Ila kikombe nilikisogeza.

Ijumaa, 21 Machi

Nilimuuliza Kissa, "Uko sawa?" Akasema, "Niko sawa." Nikajaza: Usingizi, anapata. Chakula, anakula. Hali ya moyo, nzuri.

Madamu alisaini.

Jumapili, 23 Machi

Mvua tangu misa ya kwanza. Nimempigia bibi Marieta.

"Ameshika mtoto aliyekufa?"

"Ndiyo, bibi."

"Na mnalala naye chumba kimoja?"

"Ndiyo."

Nikasikia kuku wake, kisha sauti yake. "Basi msile naye. Si kwa ubaya, mjukuu wangu. Mwacheni apumzike mpaka siku zipite. Mwenyewe anajua."

"Anatoka Tukuyu, bibi."

"Kwani huko watoto hawafi?"



Ijumaa, 28 Machi

Bweni zima limeelewa bila mtu kusema. Kissa akienda bombani, wengine wanasubiri amalize. Darasani benchi lake lina nafasi upande wa kushoto na upande wa kulia. Kwenye mazoezi ya mwanasesere wa kujifunzia kuzalisha tulipangwa wawili wawili, Kissa akabaki yeye na mwalimu. Wengi wetu ni wa hapa hapa, na hao wachache wa mbali wamefuata tu wengi.

Hakuna aliyemtolea neno baya, naapa. Kila asubuhi mtu anamwoshea ndoo yake na kuiacha mlangoni imejaa maji. Niliona tunamtunza. Hata nilijivunia kidogo.

Fomu: nzuri.

Jumatano, 2 Aprili

Kissa hakuja darasani.

Alhamisi, 3 Aprili

Hakuja.

Ijumaa, 4 Aprili

Nilimwona nyuma ya jiko akimwaga chakula chake kwenye pipa la mabaki. Bakuli zima. Aliniona nikimwona. Akaosha bakuli, akanipita.

Niliandika "anakula". Kama ningeandika kwamba hali chakula, Madamu angemwita, na Kissa angejua ni mimi. Angenichukia. Angalau sasa hivi ananyamaza tu.

Nimeisoma tena sentensi hiyo. Inatisha, ila ni kweli na sitaifuta.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua imebomoa daraja dogo la kwenda shambani kwetu. Baba amesema mahindi ya chini yamelala. Siwezi kusoma. Kila nikifungua kitabu nahisi kuna kitu nimekiacha motoni mahali fulani.

Kissa anafua kila siku. Nguo hazikauki na anazifua tena.

Ijumaa, 11 Aprili

Madamu alisaini huku anaongea na simu. Nilisimama pale mlangoni kwake. Akaniuliza kwa macho, "Kuna kingine?" Nikatikisa kichwa.

Ijumaa nne za uongo.

Jumatatu, 14 Aprili

Nataka kuandika yote kama yalivyokuwa.

Saa tisa alasiri mvua ilikuwa kubwa, vipindi vya mchana vikafutwa. Brightness alikuwa chumba cha tatu anasukwa. Mimi nilikuwa kitandani na daftari hili. Kissa alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, anaangalia dirisha.

"Ima. Unaandika nini kila siku?"

"Ripoti."

"Umeandika kuhusu mimi?"

Nikafunga daftari.

"Basi andika vizuri. Andika kwamba mmenihukumu bila kunisomea shtaka."

Nilimwambia sijaelewa. Akanyoosha kidole dirishani.

"Kile kikombe kimekaa pale wiki nne. Kila mtu anajua ni changu, na hakuna anayekigusa. Nikikaa, watu wanainuka. Nikishika bomba, mnasubiri mpaka nitoke. Ndoo mnaniletea mlangoni kama mfungwa. Semeni tu. Semeni mnaona mimi ndiye niliyemuua yule mtoto."

"Hapana!"

"Mnadhani nilimwangusha? Kwamba nilichelewa kumfuta? Nimejiuliza yote hayo, Ima. Najiuliza nikiamka mpaka nikilala. Nilidhani labda ninyi mliambiwa kitu ambacho mimi sikuambiwa."

Nilishuka kitandani. Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikaanzia kwa bibi, nikarudi kwa padre, nikachanganya. Nilisema kwetu mtu aliyeguswa na kifo cha mtoto mchanga anaachwa, si kwa chuki, ni kumpa nafasi, na kidogo ni kuogopa, kwa kuwa sisi sote tunataka kuzaa siku moja. Nilisema tulidhani anajua. Nilisema kikombe nilikisogeza mimi.

Akakiangalia tena kile kikombe.

"Kwa hiyo ilikuwa heshima?"

"Ndiyo."

"Heshima." Akacheka, lakini si kicheko chake. "Nimekaa mwezi mzima nikiamini bweni zima linaona afadhali nisingekuwepo. Nikakubaliana nanyi. Mimi nilishakubaliana nanyi, Ima."

Alisema hivyo akiwa ametulia, na utulivu ule ndio ulionitisha. Nikakumbuka kile chumba cha mafunzo na sisi sote tukiangalia sakafu. Mimi ambaye ni heri nile bila chumvi kuliko kumwomba mtu anisogezee, nikamuuliza.

"Kissa, unafikiria kujiua?"

Nilisikia sauti yangu kama ya mtu mwingine.

Hakukasirika. Hakushtuka. Mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Ndiyo," akasema. "Tangu wiki iliyopita. Nilipanga iwe leo, mkishaenda darasani. Mvua ikawarudisha."

Halafu akanishika mkono. "Usimwambie mtu. Niapie, Ima. Kwa Mungu."

"Siwezi kuapa."

"Wewe huwa husemi chochote. Kwa nini leo?"

Nilijua mawili tu: nisimwache peke yake, na nimwite mtu mzima. Simu yangu ilikuwa imezima tangu jana. Nikitoka kumtafuta Madamu, Kissa anabaki. Nikibaki, hakuna anayejua. Nikakaa sakafuni, nikamkumbatia kwa mkono mmoja, nikageukia mlango na nikapiga kelele. Sijawahi kupiga kelele tangu nizaliwe, mama yangu atakwambia. "Brightness! Brightness, mwite Madamu! Kimbia!"

Nilisikia kiti kinaanguka. Brightness alitokea mlangoni nusu kichwa kimesukwa, akatuona sakafuni. Alitoka mbio kwenye mvua bila viatu.

Tulikaa. Kissa alilia, nikalia naye. Bega lake lilikuwa la moto. Lilikuwa bega tu. Nilikuwa na wiki nne sijaligusa.

Madamu Ludovika aliingia amelowa, khanga imeng'ang'ania mwilini. Hakuuliza kilichotokea. Alikaa chini upande wa pili wa Kissa, kwenye saruji, mtu mzima yule mwenye magoti mabovu, akasema, "Nipo, mwanangu. Siendi popote." Na kweli hakuinuka mpaka gari lilipokuja kutupeleka hospitali, yeye, Kissa na mimi.

Jumanne, 15 Aprili

Kissa amelazwa. Daktari ameongea naye peke yake, kisha na Madamu. Mama yake ameshapanda basi huko Tukuyu.

Nilimweleza Madamu kuhusu fomu. Nilisimama mbele ya meza yake, nikasema, "Nilidanganya Ijumaa nne." Nilidhani atanivua kazi. Pia nilitamani anivue.

Alitoa zile fomu, akazipanga mezani. "Na hizi sahihi ni za nani?"

"Zako, Madamu."

"Niliziweka nimesimama. Moja niliiweka naongea na simu." Akavua miwani. "Mimi ni mtu wa Bukoba, Imakulata. Miaka saba niko hapa, na niliona yule binti amekaa peke yake kwenye benchi nikadhani ana maringo. Haya mambo ya bakuli sikuambiwa na mtu. Utanieleza, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Halafu utalieleza bweni."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Nimechana karatasi moja ya daftari hili, niandike nitakachosema.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimesema. Ukumbi wa chakula, wasichana sitini na wawili. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi, karatasi ikalowa jasho nikashindwa kuisoma. Nikasema tu kwamba tulifanya tulivyofundishwa nyumbani, na mwenzetu hakufundishwa hivyo, na alidhani tunamwona muuaji. Habari zake nyingine sikuzigusa, si zangu.

Hakuna aliyecheka. Msichana mmoja wa mwaka wa pili, Eva, alisimama akauliza, "Kwa hiyo bibi zetu ni wabaya?" Nikasema sijui. Nikasema bibi yangu si mbaya. Nikakaa.

Brightness alinisubiri nje. "Mimi ndiye nilileta bakuli," akasema. "Mbona hukunitaja?"

"Mimi nilisogeza kikombe."

"Nilidhani namfanyia vizuri, Ima."

"Najua."

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mvua. Mama yake Kissa alifika juzi, amefanana naye mpaka kicheko. Walituruhusu dakika kumi wodini. Kissa alikuwa na usingizi wa dawa. Hakutaka kuongea na Brightness. Brightness alikaa hivyo hivyo.

Jumatatu, 28 Aprili

Ametoka hospitali. Anakaa na mama yake kwa masista, anaonana na daktari kila wiki. Naogopa kila simu inapolia.

Alhamisi, 8 Mei

Kissa amerudi darasani, nusu siku. Mama yake analala kitanda cha akiba chumbani kwetu na kutuamsha sote kwa sala. Kissa amepungua. Siku nyingine anaongea, siku nyingine hapana. Jana alinikaripia, "Acha kuniangalia kama sufuria ya maziwa!" Brightness akacheka kwanza, kisha akashtuka kwamba amecheka, kisha Kissa naye akacheka kidogo.

Leo, tukikunja nguo, akaniuliza, "Yule mama wa Mogitu. Na yeye wamemtenga?"

Mikono yangu ilisimama. Tangu Machi sikuwa nimemfikiria yule mama hata mara moja.

"Bila shaka," nikasema.

Jumanne, 13 Mei

Kissa anataka kwenda kumwona. Mama yake alikataa. Daktari hakukataa, alisema wasubiri kidogo, na asiende peke yake. Madamu amepeleka neno kupitia mhudumu wa afya wa kijiji: kama mwenyewe hataki, hatuji. Jibu limerudi jioni. Anataka.

Brightness hatakuja. "Sitakudanganya, Kissa. Chakula nitakula na wewe sinia moja hata kesho. Ila nyumba ile, bado naogopa."

"Afadhali umesema," Kissa akamjibu.

Jumamosi, 17 Mei

Tulikwenda Mogitu kwa gari la chuo, Madamu, Kissa, mama yake na mimi. Mvua ilikuwa imekatika tangu asubuhi, barabara bado utelezi.

Yule mama anaitwa Letisia. Nilitarajia mtu mzima, kumbe ana miaka ishirini na mbili. Alikuwa amekaa ndani, karibu na mlango. Mama mkwe wake alitusalimia akiwa mbali, kwenye zizi, hakusogea. Nikamwamkia kwa Kiiraqw, akaitikia, akabaki kule kule.

Letisia anajua Kiswahili, alisoma mpaka darasa la saba. Ila alipofungua mdomo kilitoka Kiiraqw, na akiendelea hakuweza kugeuza. Kissa akaniangalia. Madamu akaniangalia. Basi nikakaa katikati yao, chini, nikawa mdomo wao.

"Anasema asante kwa kuja. Anasema tangu siku ile hajaingia mtu."

"Mwambie pole."

Nikamwambia pole.

"Anauliza, wewe ndiye uliyemshika?"

"Ndiyo. Mwambie ndiyo. Mwambie," Kissa akameza mate, "mwambie mimi nasikitika kama kuna kitu sikufanya."

Nilitafsiri. Letisia akatikisa kichwa kwa nguvu, akasema maneno mengi. Nilisubiri amalize ili nisikosee hata moja.

"Anasema mtoto aliacha kucheza siku mbili kabla. Alijua. Hakumwambia mtu, alidhani akinyamaza atacheza tena." Ilibidi nipumzike hapo. "Anasema wewe hukumfanya kitu. Anasema walimchukua upesi, yeye hakuonyeshwa. Hapa hakuna mtu wa kumuuliza. Anakuuliza alifananaje."

Kissa alifunga macho. Mama yake akataka kumshika, Madamu akamzuia kwa kiganja.

"Mwambie alikuwa na nywele nyingi," Kissa akasema. "Nyingi mpaka hapa, shingoni. Mwambie alikuwa mzito, mtoto mkubwa. Mguu mmoja ulikuwa umekunja vidole. Nilivikunjua, vikarudi."

Nikasema. Letisia akaniomba nirudie. Nikarudia. Mara ya tatu hakuniomba mimi, alimgeukia Kissa, na Kissa akamwonyesha kwa vidole vya mkono wake, jinsi vilivyokuwa vinakunjuka na kurudi. Hapo hawakunihitaji.

Tulikaa hivyo sana.

Tulipoinuka, Letisia alishika upindo wa sweta la Kissa, akauliza kitu kwa sauti ndogo.

"Anauliza," nikasema, na nikasita. Nilijua swali hilo lina uzito gani kwa mtu ambaye mwezi uliopita alikuwa amejipangia siku ya mwisho. "Anauliza utarudi lini."

Kissa aliangalia nje, kwenye uwanja wenye tope. Nilihesabu moyoni. Nilifika kumi na tisa.

"Mwambie Alhamisi," akasema. "Mwambie mvua ikizidi, Ijumaa."